Umejenga programu ya duka kwa laibrari za bure na sasa unataka kuiuza? Pita hapa kwanza kwenye leseni

Haupiti mwezi sijapata meseji ya namna hii: "Kaka nimemaliza programu ya duka la dawa, nimetumia laibrari za bure tupu, mteja yuko tayari kulipa ila anauliza habari za leseni, nimjibu nini?" Na meseji nyingine ndugu yake: "Nikilinki na laibrari ya GPL, kazi yangu yote inageuka GPL au ile laibrari peke yake?" (Laibrari ni msimbo ulioandikwa tayari na wengine, GPL ni moja ya leseni zake, tutaifikia.) Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, basi leo naandika mara moja, ukiulizwa na wewe mrushie mwenzio.

Leseni ukizieleza hewani hazieleweki, kwa hiyo nakwenda na mfano mmoja mwanzo mwisho. Programu ya mauzo ya duka. Imeandikwa kwa Python, madirisha ni PyQt, risiti na ripoti za PDF zinatoka kwa PyMuPDF, data iko MySQL na inafikiwa kwa mysql-connector-python, kuna kagrafu ka mauzo ya siku (wenye maduka wanakapenda hako kuliko kitu kingine chochote), halafu yote imefungashwa na PyInstaller iwe exe ya kuweka kwenye kompyuta ya kaunta. Najua wengi mnajenga hivi hivi, maana hata mimi nilijenga hivyo, mteja mmoja akanitumia fomu yenye kipengele "orodhesha programu za watu wengine zilizomo na leseni zake", nikaandika "zote ni za bure", fomu ikarudi siku hiyo hiyo. Nikakaa wiki mbili nabomoa na kujenga upya kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi.

Humu nasema msimbo, sisemi kodi. Kodi tuwaachie TRA na KRA.

Nadharia kidogo tu, usiruke

Programu inalindwa na hakimiliki kama kitabu kinavyolindwa, iwe kwa sheria ya Tanzania ya 1999 au ya Kenya ya 2001. Leseni ndiyo ruhusa yako ya kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, na ukivunja masharti ya ruhusa unabaki mtu anayenakili kazi ya mwenzake bila ruhusa.

Kulinki ni kuunganisha msimbo wako na wa laibrari ili viende kama kitu kimoja. Kuna kulinki kistatiki, laibrari inamezwa ndani ya faili lako wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu inayowaka), na kuna kidainamiki, laibrari inabaki faili lake pembeni (.dll au .so) na inaitwa programu ikiwaka. `import` ya Python we ihesabu upande wa kidainamiki.

Ubishi mkubwa uko hapa: programu iliyolinki na laibrari, je, ni kazi iliyotokana na ile laibrari? Free Software Foundation, ambao ndio waliiandika GPL, wanasema kistatiki au kidainamiki ni yale yale, vikishaungana ni kazi moja na yote itoke kwa masharti ya GPL. Wapo wanasheria wasiokubali, Lawrence Rosen wa Marekani ni mmoja wao, wanasema kulinki peke yake hakuzai kazi mpya. Mimi nakwambia fuata msimamo mkali, sio kwa sababu nina uhakika nani yuko sahihi, ila kwa sababu hutaki duka la mteja wako liwe ndio kesi ya mfano. Kule Ufaransa kampuni ya Orange iliingiza laibrari ya Lasso, yenye GPL v2, kwenye mfumo iliojengea serikali, wenye laibrari wakaenda mahakamani, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaamuru walipwe euro 500,000 za hasara na 150,000 za fidia ya kuchafuliwa haki yao. Kesi ilianza 2011, miaka kumi na tatu hiyo, na Orange wana mawakili wa kulipwa kila mwezi, wewe una nani?

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mazingira pepe (virtual environment, ile folda yenye laibrari za mradi huu tu) yale yale ya Python uliyojengea programu, sio kompyuta nyingine
- Faili la `requirements.txt`, yaani orodha ya laibrari zako, lenye namba za matoleo
- Intaneti ya saa mbili tatu hivi
- Karatasi au jedwali lenye safu nne: jina, toleo, leseni, inatumika wapi
- Mkataba wako na mteja, hata kama ni meseji za WhatsApp

Hatua ya 1: Jiulize kama kuna kopi inatoka mkononi mwako

Kwenye GPL hili linatangulia hata swali la kulinki, na ndilo watu wanaliruka. Programu unaitumia mwenyewe ofisini kwako? GPL haikudai kitu, linki unavyotaka, changanya unavyotaka. Iko kwenye seva na watu wanaingia kwa brauza? GPL ya kawaida haikudai msimbo uliobaki kwenye seva, ila AGPL, ndugu yake mkali zaidi, imeandikwa makusudi kuziba huo mwanya. Na usisahau JavaScript inayoshuka kwenye brauza ya mtu, hiyo ni kopi imeshatoka. Umempa mteja exe, apk, flash, linki ya Drive? Umegawa. Mteja mmoja ni kugawa, bure ni kugawa, kwa mkopo wa miezi sita ni kugawa.

Programu yetu ya duka inatoka, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 2: Toa orodha ya kila kilichomo

Usiandike kwa kukumbuka, utasahau nusu. Ukiwa ndani ya mazingira pepe:

```
pip install pip-licenses
pip-licenses --format=markdown --with-urls
```

Itakuja orodha mpaka ya vitu ambavyo hujawahi kuvisikia, maana laibrari nazo zina laibrari zake. Wa Node watumie `license-checker`, wa Rust `cargo license`, wa Java `mvn dependency:tree`, halafu wafuatilie moja moja.

Angalizo: ukiendesha hii nje ya mazingira pepe utapata orodha ya Python ya kompyuta nzima, utaogopa bure au utatulia bure. Na ukiona imeandikwa UNKNOWN usidhani ni ruhusa, ina maana mwenye laibrari hakujaza fomu vizuri, fungua folda ya msimbo wake usome faili la LICENSE mwenyewe.

Hatua ya 3: Zigawe makundi

Kundi la wapole: MIT, BSD, Apache 2.0. Linki kwa namna yoyote, uza, funga msimbo wako, wanachotaka ni jina lao na maandishi ya leseni yabaki. Apache ikija na faili la NOTICE nalo libebe.

Kundi la kati: LGPL (GPL iliyolegezwa kwa ajili ya laibrari) na MPL (leseni ya Mozilla). LGPL ndiyo pekee ambayo namna ya kulinki inabadilisha mambo sana, msimbo wako unaweza kubaki wako mradi mteja aweze kutoa ile laibrari na kuweka toleo lake alilolibadilisha. Kidainamiki ni rahisi, anabadilisha .dll. Kistatiki inawezekana pia, ila itabidi umpe vipande vya msimbo wako vilivyokompailiwa ili alinki upya mwenyewe, kazi ambayo hutaki. MPL inaangalia faili kwa faili, ukigusa faili lao lile faili linabaki wazi, basi.

Kundi la wakali: GPL na AGPL. Ukilinki na ukagawa, kazi yote itoke kwa leseni hiyo, na aliyepokea apate msimbo chanzo, yaani ule ulioandika wewe, sio exe tu. Kosa ninaloliona kila siku: mtu anasikia "kidainamiki ni salama", anahamisha laibrari ya GPL kutoka kistatiki kwenda kidainamiki anajiona amepona. Hiyo dawa ni ya LGPL. Kwa GPL ni sawa na kuhama chumba kukwepa deni la nyumba ile ile.

Kuna na kundi la nne, visivyo na leseni kabisa, msimbo umekaa wazi GitHub lakini faili la leseni hamna. Watu wanadhani hicho ndicho huru kuliko vyote, kumbe hapo huna ruhusa yoyote. Mwandikie mwenyewe aweke leseni au achana nacho.

Kwa mfano wetu jedwali linasoma hivi: PyQt ni GPL v3 au ununue leseni ya biashara, PyMuPDF ni AGPL au ununue, mysql-connector-python ni GPL v2 yenye msamaha kwa programu huria tu. Wakali watatu kwenye programu moja, na mimi nikaandika "zote ni za bure".

Hatua ya 4: Chungulia ndani ya mabunda

pip-licenses inasoma lebo ya nje tu. Bunda la `opencv-python` kwa mfano limeandikwa Apache, lakini ndani limebeba FFmpeg (ya kushughulikia video) kwa LGPL 2.1 na, kwa Linux, Qt (msingi wa madirisha ambao hata PyQt inauegemea) kwa LGPL v3. Kama unasoma msimbomilia kwa kamera na huhitaji madirisha yake, chukua `opencv-python-headless`, Qt inapungua.

Kuona laibrari zilizoitwa ndani, Linux tumia `ldd` kwenye faili la .so, Mac `otool -L`, Windows fungua tu folda iliyofungashwa uhesabu .dll, kila usiyoijua itafute.

FFmpeg nayo ina vituko vyake. Yenyewe ni LGPL, ila aliyekompaili akiweka `--enable-gpl` (mara nyingi ili apate x264 ya kubana video) yote inageuka GPL, na akiweka `--enable-nonfree` matokeo yake ni kitu kisichoruhusiwa kugawiwa kabisa. Andika `ffmpeg -L` ikwambie yenyewe ni ipi.

Hatua ya 5: Amua kwa kila mkali, moja baada ya nyingine

Njia ziko nne na hakuna ya aibu.

a) Badilisha. Ndiyo niliyofanya. PyQt nikaweka PySide6, ni Qt ile ile lakini inapatikana kwa LGPL v3. `pyqtSignal` inakuwa `Signal`, `pyqtSlot` inakuwa `Slot`, na kama ulikuwa unapakia faili za .ui kwa `uic.loadUi` hapo ndipo utalia kidogo, tumia `pyside6-uic` uzigeuze kuwa Python. mysql-connector nikaweka PyMySQL, ni MIT, mistari michache tu ikabadilika. Ingawa ukiniuliza leo, duka la kompyuta moja MySQL ya nini, weka SQLite, imetolewa kwa umma haina hata sharti moja. PyMuPDF nilikuwa naitumia kuandika risiti tu, ReportLab ya BSD inatosha kabisa.

Mtego ambao ulinila siku tatu: ile grafu. Baada ya kuhamia PySide6 nikaweka Qt Charts, nikajua niko LGPL, kumbe Qt Charts haipo kwenye LGPL, ni GPL v3 au leseni ya biashara. Yaani mtu unakimbia mvua unajificha kwenye mto. Dawa: sakinisha `PySide6_Essentials` badala ya `PySide6` nzima, hapo Charts haiji kabisa, na grafu chora kwa pyqtgraph ambayo ni MIT.

b) Fungua msimbo wako. Toa programu nzima kwa GPL v3. Usiruke kwa hofu, GPL haikatazi kuuza. Unampa mteja exe pamoja na msimbo chanzo, huwajibiki kuuweka hadharani, wajibu wako ni kwa uliyemuuzia. Yeye ana haki ya kuugawa akitaka, lakini niambie mwenye duka la dawa gani ana muda wa kugawa msimbo wa Python, yeye anataka ukimpigia simu Jumamosi upokee. Kama hela yako iko kwenye matengenezo na mafunzo, njia hii ni nyepesi kuliko mnavyoidhania.

c) Nunua. Wenye PyQt na wenye PyMuPDF wanauza leseni za biashara. Weka bei kwenye ankara ya mteja.

d) Tenganisha kweli kweli. Programu mbili zinazoitana kwa amri ya komandi, bomba au soketi kwa kawaida huhesabiwa programu mbili, sio kazi moja. Kwa hiyo kuita `ffmpeg` kwa `subprocess` sio sawa na kuilinki. Lakini ukiiweka kwenye kifurushi chako bado una wajibu wa leseni yake kwa kopi ile, msimbo chanzo wake na maandishi yake. MySQL seva nayo ndivyo ilivyo, ukiisakinisha pamoja na programu yako, masharti yake unayo. Na kukata laibrari ukaificha nyuma ya soketi huku zinabadilishana vitu vya ndani kama mwili mmoja, huko ni kujidanganya.

Hatua ya 6: Fungasha vizuri

Tumia `--onedir`, acha `--onefile`:

```
pyinstaller --onedir --name Duka main.py
```

Utapata folda, ndani yake `_internal`, humo ndani kuna PySide6 na .dll za Qt zimekaa wazi mteja anaweza kuzibadilisha, na LGPL inataka hivyo hasa. `--onefile` inazifungia zote kwenye exe moja, inapendeza kwa macho lakini sasa itabidi umpe mteja vifaa vya kufungasha upya.

Halafu tengeneza folda ya LESENI ndani ya kifurushi. Maandishi yote unayapata kwa mkupuo:

```
pip-licenses --with-license-file --format=plain-vertical > LESENI.txt
```

Ongeza juu yake: nakala ya LGPL v3 na ya GPL v3 (zote mbili, LGPL v3 inaegemea GPL v3), sentensi inayosema programu hii inatumia Qt na PySide6 kwa LGPL v3, na mahali pa kupata msimbo chanzo wa Qt na PySide6 wa toleo lile lile. Inaruhusiwa uwe kwenye seva ya mtu mwingine, ila ukitoweka lawama ni yako, mimi naweka kopi kwenye flash ile ile. Kwenye menyu ya "Kuhusu" weka kitufe kinachofungua folda hiyo.

Hatua ya 7: Rekebisha mkataba

Ile sentensi ya kunakili inayosema "mteja haruhusiwi kuchunguza au kufumua programu hii kwa namna yoyote" inagongana na LGPL, ambayo inataka mteja aruhusiwe kufumua kwa ajili ya kutatua kasoro za mabadiliko aliyoyafanya kwenye laibrari. Ongeza "isipokuwa pale leseni za laibrari zilizomo zinaporuhusu". Na usiandike kwamba programu yote ni mali yako asilimia mia, sio kweli.

Ukikwama

*"PyInstaller ni GPL, exe yangu si inakuwa GPL?"* Hapana. Leseni yake ina msamaha ulioandikwa wazi kwamba unachofungasha unakipa leseni unayotaka. Msamaha kama huo GCC (kikompaila cha C) wanao kwa laibrari zake za ndani, na OpenJDK (Java huria) wanao unaoitwa Classpath, ndiyo maana watu wanauza programu za Java bila shida. Ukiona GPL tafuta kwanza kama pembeni kuna neno "exception".

*"Laibrari mbili zote GPL, naambiwa haziendani."* Angalia tarakimu. `GPL-2.0-only` haichanganyiki na `GPL-3.0`, wala na Apache 2.0. `GPL-2.0-or-later` inachanganyika kwa sababu unaruhusiwa kuichukua kama v3.

*"Natumia Go au Rust, kila kitu kinalinkiwa kistatiki."* Basi LGPL kwako ni ngumu kuliko kwa mtu wa Python, chukua za kundi la wapole. Kama ni glibc (laibrari ya msingi ya C, ya LGPL) inakusumbua kwenye Linux, wengi wanakompaili na musl, ni MIT.

*"Nimenakili vichwa tu vya laibrari ya LGPL, faili la .h."* Viwango vya namba, maumbo ya data na makro ndogo, na vifunction vya mistari isiyozidi kumi, LGPL imeviachia. Ukizidisha hapo fuata masharti yake.

*"Risiti zangu za PDF zinatoka kwenye seva, mteja hapati programu."* Kama ni kwa PyMuPDF au iText (laibrari ya PDF ya Java), zote ni AGPL, na wenye nazo wanalichukulia hilo kwa uzito. Java hamia OpenPDF, ilizaliwa kutoka iText ya zamani na ni LGPL na MPL.

*"Nimeshauza kopi sita zina PyQt ndani."* Acha kutoa mpya leo. Tengeneza toleo lililosafishwa, peleka kwa wote sita kama sasisho, au wape msimbo chanzo kwa GPL v3. GPL v3 ina huruma kwa mkosaji wa mara ya kwanza, ukishaarifiwa na mwenye hakimiliki na ukarekebisha ndani ya siku 30 haki zako zinarudi moja kwa moja. GPL v2 haina kipengele hicho, kwa hiyo laibrari za v2 ndizo uanze nazo.

*"Mteja bado anataka fomu ijazwe."* Mpe lile jedwali la safu nne. Mimi niliporudisha la kwangu lilikuwa na mistari thelathini na kitu, yule wa fomu akauliza mstari mmoja tu, SQLite inayokuja na Python yenyewe, kwamba mbona haina leseni.